Manemane ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeitwa Kunduchi kwa mama mkwe. Sikuitwa kula.

Mke wangu Manal yuko kwao tangu Desemba. Alikwenda kujifungua, kama ada yao ilivyo kwa mimba ya kwanza. Watu wa mtaani wanasema aliondoka kwa sababu niliuza kitanda chetu. Uongo mtupu. Kitanda niliuza kweli, lakini mteja alikuwa kasimama mlangoni na mie ni dalali wa samani hapa Keko, nifanyeje? Godoro lilibaki. Madaktari wanasema mgongo wa mjamzito unapenda kulala pagumu. Sijui kama wanasema, ila ingefaa waseme. Na kitanda kingine nimeshaweka, kikubwa kuliko kile.

Mtoto ni wa kike. Nilimpa jina la mama mkwe, Khulud, makusudi kabisa, ili bibi anilainikie. Hakulainika. Alisema jina si kitanda, bintiye hawezi kulilalia.

Leo akanikalisha sebuleni, maji hakunipa, akanipa sharti. Jumamosi ya tarehe kumi na tano Manal anatimiza arobaini. Ataoga, atafukizwa, atatoka. Manemane ya kumfukizia ni juu ya mume. Basi nilete manemane. Manemane tu. Anataka kuona kama naweza kushika kitu kimoja kutoka Temeke hadi Kunduchi bila kukichezea. Nikiweza, naondoka na mke wangu na mwanangu jioni ile ile. Nikishindwa wanabaki kwake, na mie nitakuwa nakwenda kila Ijumaa kumwangalia mtoto kama mgonjwa wa wodini.

Nikasema inshallah. Kitu chepesi namna hii! Amenidharau.

Tatizo ni Badru. Badru ni mwanyumba wangu, kamwoa dada yake Manal. Mwaka juzi mkewe alipotimiza arobaini, Badru alileta manemane juu ya sinia la shaba, imefunikwa kitambaa cha hariri, udi na mawaridi pembeni. Mpaka leo Kunduchi sinia lile linasimuliwa. Mama mkwe kaliweka kwenye kabati la vioo, na kiti ninachokalishwa mie kinaliangalia kabati.

Sasa mie nipeleke manemane tu?

Jumanne, 4 Februari

Sokoni Tandika, kwa Bi Mwamvita. Anauza dawa za asili na manukato tangu mama yangu hajaolewa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso, anachambua karafuu.

Akanifungia manemane kwenye gazeti. Nikafungua. Vipande vya rangi ya udongo, vumbi tupu, kama sukari guru iliyodondoka njiani watu wakaikanyaga. Nikamuuliza kwa adabu kama hana ya kupendeza zaidi. Akachukua kipande, akakivunja, akanionyesha michirizi myeupe ndani, akakinusa kwa raha, kisha akanitia kinywani punje.

Lahaula! Uchungu ule nimekuwa nao mpaka sasa naandika. Chai ya jioni nimeinywa chungu, na sukari vijiko vinne.

Akasema hiyo ndiyo manemane, na ikiwa tamu ujue umeuziwa kitu kingine. Mwenye ufizi unaouma huiloweka akasukutua. Nguo za sandukuni zikitiwa moshi wake hukaa mwaka na harufu. Mzazi ndiyo usiseme, hafukizwi akakosa manemane. Kipande kama punje ya harage juu ya makaa kinatosha nyumba nzima. Nisiioshe, nisiisage, nisiichanganye. Nikampelekee mama mkwe vivyo hivyo na gazeti lake. Nikamwambia inataka kupambwa kidogo. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mama mwema sana. Jicho la biashara hana.

Jumatano, 5 Februari

Badru kapiga simu. Sauti ya upole kama ya mtangazaji wa vifo. Kasikia habari ya sharti. Akauliza kama nahitaji msaada wowote, maana ana shemeji yake Maskati anayemletea manemane safi, na anaweza kunigawia. Nikamshukuru. Nikamwambia yangu ni nyingi mpaka sina pa kuiweka.

Nimeiangalia yangu. Inajaa kiganja kimoja, na kiganja changu si kikubwa.

Alhamisi, 6 Februari

Akili imekuja saa kumi na moja alfajiri, nipo uani napiga mswaki. Manemane ni nini? Ni utomvu wa mti. Mkorosho nao si mti? Hautoi utomvu? Tena rangi ile ile!

Nimekodi bodaboda mpaka Kimbiji. Barabara ya huko ikisemwa ni mbovu, isemwe kwa heshima. Nimefika kiuno kinanicheka. Mwenye shamba la mikorosho kashangaa kuona mtu katoka mjini kuja kubandua gundi kwenye magome. Kasema niichukue yote, wao hawana kazi nayo. Nusu kiroba! Akauliza ya nini. Nikamwambia ya arobaini ya mke wangu. Akaniangalia kwa muda mrefu, akanipa pole.

Ijumaa, 7 Februari

Kiroba kina siafu. Siafu wamehamia chumbani kwangu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya kazi siku nzima. Nimetwanga utomvu wa Kimbiji, nimetwanga manemane ya Bi Mwamvita, nikatia maji, nikachemsha kwenye sufuria la wali la Manal. Nia ilikuwa vitoke vipande vipande vizuri. Imetoka kama ugali wa muhogo. Nikakoroga. Mwiko ukasimama wenyewe.

Sijakata tamaa. Nimelipakua donge zima, kubwa kama nazi, nikaliweka juu ya bati kwenye jua hili la Februari. Hata hivyo sijamdanganya mtu. Manemane imo humo ndani. Nimeipa familia tu.

Jumatatu, 10 Februari

Donge limekauka nje, gumu kama jiwe. Nimelipeleka kwa fundi Kasimiri. Kasimiri ndiye mwenye karakana ninayomletea wateja. Ni mtu wa Newala, baba yake alikuwa mchonga vinyago, babu yake pia. Maneno yake machache, na mengi ya hayo ni kesho.

Ndipo akili ya pili ikaja, na hii nawaambia hata Badru na shemeji zake wote wa Maskati hawajawahi kuipata. Badru alileta manemane juu ya sinia. Manemane inahitaji chetezo cha kuifukizia. Sasa je, chetezo chenyewe kikiwa ni manemane? Unatia makaa, kinajifukiza! Hutafuti kipande, huongezi kipande. Chombo na harufu, kitu kimoja. Na mama mkwe alisema nilete kitu kimoja.

Kasimiri aliniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachosema. Halafu akaliguguna donge kwa patasi, akasema ndani bado bichi. Nikamwambia achonge tu, mie ndiye mwenye mke.

Alhamisi, 13 Februari

Kimekwisha. Uzuri wake sina cha kuufananishia. Miguu mitatu, mdomo umechongwa maua kuzunguka, na Kasimiri mwenyewe hakuweza kuzuia mkono wake, kaweka na kifuniko chenye matundu. Rangi ndiyo ilikuwa imefifia, kama mtu katoka malaria. Nikachukua vanishi ya makabati nikakipiga mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kinang'aa mpaka najiona meno.

Kasimiri akasema makaa na vanishi havijawahi kuwa marafiki. Nikamwambia yeye ni fundi wa mbao, mambo ya manukato aniachie mie.

Nimempigia Badru nimwambie asije na kitu Jumamosi, asije akaaibika.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilifika Kunduchi baada ya adhuhuri, kanzu nyeupe, chetezo kifuani kimefungwa kitenge. Sebule imejaa shangazi. Badru yupo kwenye kochi la karibu na kabati, anatabasamu. Nikakiweka mezani nikavuta kitenge. Shangazi mmoja akasema mashallah. Nikamwangalia Badru. Tabasamu lilikuwa limepungua, wallahi limepungua, na dakika ile moja sitaisahau.

Manal akasimama mlangoni na mtoto. Amenawiri, miguu imepakwa hina, mtandio wa manjano. Siku thelathini na tisa sijamwona kwa karibu hivyo. Nikasahau hotuba niliyoiandaa.

Mama mkwe akauliza manemane iko wapi. Nikamwambia ndiyo hii, yote, miguu mpaka kifuniko. Akakinusa. Akaniuliza mbona inanuka kabati. Kabla sijajibu akasema basi tuone, akatia makaa matatu hapo hapo mbele ya watu.

Kwanza kikatokota. Nikawaambia ndivyo ilivyo, kinaamka. Kisha vanishi ikawaka. Moto wa kijani! Halafu moshi mweusi, na harufu ya Keko nzima, sema Keko siku karakana inapoungua. Shangazi wakatoka mlango mmoja kwa pamoja. Kitumbo cha chetezo, kule ndani kulikokuwa kubichi, kikapasuka pwaa, na mguu mmoja ukaruka mpaka kwenye bakuli la kachumbari. Makaa yakamwagika juu ya zulia. Moja likabiringika kuelekea mlangoni, kwenye kigodoro cha mtoto.

Hapo sikufikiri. Nililiokota kwa mkono. Nikatoka nalo mpaka uani, nikalitupa kwenye ndoo. Mkono bado unapwita.

Badru akazima vilivyobaki kwa ndoo ya maji ya udhu. Vizuri sana, bila kulowesha kanzu. Anakeraga mtu yule.

Mama mkwe alisimama katikati ya moshi, akasema la kuvunda halina ubani. Nikamwambia kwa adabu kwamba huu haukuwa ubani, ilikuwa manemane. Nadhani ningenyamaza ingekuwa bora. Akanionyesha mlango. Manal anabaki. Kila Ijumaa, baada ya swala, nusu saa.

Zulia nimeambiwa lilikuwa la marehemu baba mkwe.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kazini. Nimelala kwenye kitanda kipya. Futi sita kwa sita. Nikinyoosha mkono huku hakuna mtu, nikinyoosha kule hakuna mtu. Nilinunua kikubwa ili tuenee watatu.

Kusema kweli nimelia. Kidogo. Siafu ndio mashahidi.

Mchana ukaingia ujumbe wa sauti wa Manal. Kwanza namsikia mtoto anakoroma pembeni. Halafu akasema aliuona mkono wangu. Aliona kaa lilikokuwa linakwenda, na aliona nani aliliokota. Kamwomba mamake, mamake kakataa, kamwomba tena. Mwishowe mama mkwe amenipa mpaka Jumanne. Manal hatoki mlango ule bila kufukizwa, kwa hiyo manemane bado ni juu yangu. Nilete kama ilivyo. Nisilete kitu kingine chochote. Akarudia chochote. Akasema yeye amechoka kuniombea, hii ni ya mwisho, na anataka kurudi kwake.

Nimeusikiliza mara tisa. Ni dhahiri kwamba kile chetezo kilimgusa.

Jumatatu, 17 Februari

Tandika tena. Bi Mwamvita alishasikia kila kitu, sijui kwa nani, Tandika na Kunduchi wapi na wapi. Alicheka mpaka karafuu zikamwagika. Kisha akaniangalia mkono, akanipa pole ya kweli, akanifungia manemane nyingine kwenye gazeti, akafunga kwa uzi. Akaniapisha nisifungue. Nimeapa.

Sijafungua. Lakini kufungua na kupamba ni mambo mawili. Nimepita kwa Kasimiri nikamwagiza kasha dogo la mninga, ndani mahameli nyekundu, kufuli ya shaba, na juu yake aandike jina langu na la Manal. Gazeti litaingia humo na uzi wake. Sijagusa kitu. Kasimiri akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kesho asubuhi.

Jumanne, 18 Februari

Kasimiri kaniangusha! Nimefika saa mbili, kasha liko mezani, limekamilika, zuri la kuua mtu kwa kijicho. Nikanyoosha mkono, akaniambia bado halijakauka. Nikaligusa. Kavu. Akasema nje kavu, ndani bichi, na mie ninajua ya ndani kubichi. Nikangoja. Saa nne, bado. Saa sita nikaligusa tena, limekauka kama mkate wa juzi. Akasema bado, akalifungia stoo, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda kula. Hakurudi mpaka saa tisa na nusu. Nimemfahamu mtu huyu miaka saba, sijawahi kumwona akiwa mwangalifu hivi na kazi ya mteja.

Sikuwa na budi. Nikaondoka na gazeti mkononi kama mtu aliyetoka kununua dagaa. Njiani nilitafuta hata kibahasha cha zawadi, maduka mawili niliyoyajua yamefungwa. Nimeingia kwa mama mkwe kwa aibu, uso chini. Nikamkabidhi. Sikusema neno, kwa kuwa sikuwa na la kujisifia.

Akakata uzi. Akafungua. Akachukua kipande akakivunja, akaangalia ndani, akanusa, akaweka punje kwenye ulimi. Uso haukubadilika. Uchungu ule, na uso haukubadilika! Akaniuliza nimeifanya nini. Nikasema sijaifanya kitu. Akauliza kwa nini. Nikasema nilikosa nafasi. Akaniangalia sana.

Kisha akaweka punje moja juu ya makaa, kwenye chetezo cha udongo cha siku zote. Moshi ukapanda mwembamba. Harufu yake sijui niielezeje. Chungu, halafu nyuma ya uchungu kuna utamu, halafu uchungu tena. Nyumba nzima ikatulia. Manal akaingia chumbani, mamake akamfukiza, nikasikia wanacheka huko ndani. Alipotoka, mtandio, nywele, mtoto, vyote vinanukia.

Mama mkwe akanipa mtoto nimbebe mpaka kwenye bajaji. Yeye mwenyewe. Akasema leo kwa mara ya kwanza nimeleta kitu. Badru alikuwepo, akanipa mkono. Nikampa wa kushoto.

Saa hizi wamelala wote wawili kwenye futi sita kwa sita, mie nimebanwa ukingoni. Alhamdulillahi. Sitaki kitu kingine duniani.

Alhamisi, 20 Februari

Sikulala. Nimekuwa nikifikiri.

Tuangalie mambo kama watu wazima. Jumamosi sikupeleka manemane ile peke yake, mke hakurudi. Jumanne nimepeleka, mke karudi siku ile ile, na mama mkwe, mwanamke ambaye hata mafuriko humwomba ruhusa, akanikabidhi mtoto kwa mkono wake. Watu wanasema ni Manal kaniombea. Wengine ni lile kaa. Mie nasema ni manemane. Na Dar hii ina wanaume wangapi ambao wake zao wako kwao? Keko peke yake nawajua kumi na mmoja, na hao ni wanaokubali.

Bi Mwamvita nimeshamwambia aniwekee gunia. Kasema hanihusu na mimi nisimhusu, lakini atazoea. Kimbiji kule wameahidi kunibandulia gundi nyingine, ya kuongezea kidogo tu, isiwe kali mno kwa wateja wa mara ya kwanza.

Saa nne nimeweka tangazo kwenye status. MANEMANE YA KURUDISHA MKE. Imejaribiwa Kunduchi. Mama mkwe mgumu? Siku moja tu, analainika mwenyewe. Nimeweka na picha ya Manal akishuka kwenye bajaji, nilimpiga bila yeye kujua, katoka vizuri mno. Nilitaka kumuuliza, ila kalala na mtoto, nikaona nisimsumbue mzazi.

Saa nne na nusu. Watu sitini na wawili wameshaona. Badru kaona. Shangazi wote wameona.

Mama mkwe kaona. Sasa anapiga. Hii ya tatu. Nimeacha iite, na sasa nasikia simu ya Manal nayo inalia kule chumbani, na Manal anaamka, anasema shikamoo mama, halafu anasikiliza.

Bila shaka bibi anataka kuagiza. Sitapokea kwanza. Mteja asijue kuwa una haraka.